Baba Mwenye Nyumba na Gunia la Mkaa

Ndugu msomaji, simama asubuhi moja kando ya barabara itokayo Msata kuja Bagamoyo. Utaziona pikipiki zimepakia magunia ya mkaa, mawili, matatu, yamefungwa kwa kamba hata dereva haonekani mgongo. Kila apitaye hutikisa kichwa. "Watu hawa wanatumalizia misitu," husema. Kisha jioni mtu yule yule hurudi kwake, akamtuma mtoto kununua mkaa wa kopo, na wala haimpitikii akilini kujiuliza gunia alilolilaani asubuhi lilikuwa likienda kwa nani.

Mchomaji mkaa hana ugomvi na mti. Anaukata kwa sababu sisi tunanunua. Na anaukata mwingi kuliko tunavyodhani, kwani tanuri la kufukia kwa udongo hupoteza sehemu kubwa ya kuni: kilo moja ya mkaa huwa imekwisha kula kilo 5 mpaka 10 za miti, na pengine zaidi. Mwaka 2010 wataalamu walichapisha utafiti juu ya misitu ya mwambao wetu huu. Walionyesha kuwa baina ya mwaka 1991 na 2005 uharibifu ulitoka Dar es Salaam ukaenda nje kama wimbi, kwa mwendo uliofika kilomita 9 kwa mwaka. Mbele wakitangulia watafutao mbao za thamani, nyuma yao wa mbao hafifu, na mwisho wachomaji mkaa, ambao hawabakishi kitu. Mikoko nayo haikusalimika. Humo ndimo kamba na samaki wadogo hukulia, nasi tumeikata kwa boriti, kwa kuni na kwa kuchomea chokaa, kisha tunakaa barazani tukiuliza kwa nini samaki wamekuwa ghali.

Lakini leo sisemi na mchomaji mkaa. Nasema nawe, baba mwenye nyumba.

Mambo ya jikoni umemwachia mkeo, na hapo wajiona umetoka katika lawama. Jee, fedha zimo mfukoni mwa nani? Akikuomba pesa ya mkaa kila siku wampa, kidogo kidogo, kwa manung'uniko. Akikuomba mtungi wa gesi, hali ni ngumu. Simu mpya ulipoitaka, hali haikuwa ngumu! Hebu andika kila shilingi ya mkaa inayotoka nyumbani kwako kwa mwezi mmoja, uone. Aghalabu sisi tununuao kwa kopo hulipa zaidi kuliko tajiri anunuaye gunia zima. Na hiyo ni bei ya fedha tu. Moshi nao una bei yake: serikali yetu imetaja kuwa zaidi ya watu 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia. Wanaokaa ndani ya moshi huo ni nani, ikiwa si mkeo, na mtoto aliye mgongoni mwake? Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa habari za Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake mpaka wakati wa Sala ufike. Wewe jiko lako huijui hata rangi ya ukuta wake.

Simsemi kibarua ambaye mtungi wa gesi ni mshahara wake wa siku nyingi. Mpango wa serikali uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka watu 80 katika kila 100 wawe na nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, utapimwa kwa mtu huyu. Hata hivyo jiko bora la udongo halimshindi, nalo hupunguza mkaa kwa theluthi au zaidi. Kuloweka maharage usiku kucha hakugharimu kitu, wala kufunika sufuria.

Wako watakaosema, "Haya mazingira ni mambo ya Wazungu." Ajabu kubwa! Mabibi zetu wa mwambao huu walikoka moto kwa vifuu na makumbi, walibeba samaki kwa pakacha, na maji waliyateka mtungini kwa kata. Hakuna Mzungu aliyewafundisha. Sisi wajukuu zao ndio tuliohitaji serikali itupige marufuku mifuko ya plastiki, tarehe 1 Juni 2019, na mpaka leo chupa na makopo tunayachoma uani, moshi ukaingia kwa jirani.

Na maji jee? Mto Ruvu washuka kutoka milima ya Uluguru, unapita kwetu, unaingia baharini karibu na Bagamoyo, na maji yake ndiyo yanywewayo Dar es Salaam. Oktoba 2022 mto ulipungua hata mji ukatiwa katika mgao. Anas bin Malik (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi ambacho hakifiki lita moja. Mtu wetu hufungua bomba la msikitini, akaanza kuzungumza na mwenzake habari za mpira, na maji yanakwenda. Akitoka hapo amejiona tohara.

Udhuru wa mwisho ndio niusikiao zaidi, nao hausemwi hadharani: wali wa gesi hauna ladha, sharti upaliwe makaa juu. Hapo nakubaliana nawe, kwani mimi pia ni mtu wa Pwani. Lakini kupalia hakuhitaji gunia. Pika kwa gesi mpaka maji yakauke, kisha washa vifuu vya nazi ile ile uliyoikunia wali huo, uviweke juu ya kifuniko. Tena washa wewe mwenyewe, siku ya Ijumaa, mkeo apumzike.