Kabla ya Kupandikiza Nywele



Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia habari zake bila kumtaja jina, kwa miaka mingi amekuwa akija kanisani amejifunga kilemba. Wengi tulidhani ndiyo mapenzi yake. Mwaka huu mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam alimwambia kwamba yuko tayari kumlipia safari kutoka KIA hadi Istanbul, Uturuki, akapandikizwe nywele. Mama akaja kututaka ushauri. Alipovua kilemba tuliona utosi mtupu, ngozi laini inang'aa, na kwenye kingo za paji la uso nywele chache tu. Akauliza, "Niende, nisiende?"

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la majivuno na halifai kuandikwa katika ukurasa huu. Sisi hatuoni hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, inatutaka tuitunze afya ya mwili kwa busara kama zawadi ya Mungu, na papo hapo inatuonya tusije tukauabudu mwili. Mama anayeona haya kuvua kitambaa mbele ya wakwe zake haabudu mwili. Mwanamume akitoka kipara, watu humwita mzee, hucheka, na yanaishia hapo. Mwanamke hachekwi mbele yake. Hunong'onwa nyuma yake, na wengine huanza kumkisia maradhi.

Tumweleze basi msomaji kazi yenyewe ilivyo. Upandikizaji si dawa inayootesha nywele mpya. Daktari huchukua nywele za mgonjwa mwenyewe, pamoja na mizizi yake, kutoka kichogoni na ubavuni mwa kichwa, kisha huzipanda mahali palipo patupu. Mjapani aitwaye Okuda aliandika juu ya kazi hii mwaka 1939, na mwaka 1952 Dakta Norman Orentreich wa New York aliitumia kwa wanaume wenye upara wa kurithi. Aliona kwamba nywele za kichogoni, hata zikihamishiwa utosini, huendelea na tabia ya kule zilikotoka, yaani hazidondoki upesi. Siku hizi mgonjwa hupigwa sindano za ganzi, kazi ikachukua saa nyingi, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Baada ya wiki chache nywele nyingi zilizopandwa hudondoka, jambo linalowatisha wasioambiwa mapema. Huanza kuota tena kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na mtu huona matokeo kamili baada ya mwaka mmoja hivi, pengine zaidi.

Ni kama kuhamisha miche ya migomba kihambani. Haizidi idadi, inahama mahali tu. Na shamba likiwa na ugonjwa, miche mizuri nayo itakufa.

Hapo ndipo penye shauri letu lote. Upara wa kurithi wa baba wa miaka 45 ni jambo moja. Nywele zinazopotea kwa sababu nyingine ni jambo jingine kabisa. Mama aliyejifungua huweza kupukutika nywele nyingi miezi mitatu baadaye, nazo hurudi zenyewe. Upungufu wa damu hupukutisha nywele, na ugonjwa wa tezi ya shingoni vivyo hivyo. Kaswende huacha viraka kichwani, na sindano zake zipo. Mtoto mwenye mapunye anahitaji dawa ya kumeza iliyoandikwa na daktari, maana ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji kupandikizwa.

Kisha wako akina mama zetu. Kusuka nywele kwa kukaza, kuongeza rasta nzito, kupaka dawa ya kulainisha na kusuka tena juu yake, kwa miaka 10 au 20, huvuta mizizi mpaka inachoka. Mwanzoni huonekana vipele vidogo na maumivu pembezoni mwa paji. Wakati huo mtu akiacha kukaza, nywele hurudi. Akiendelea, kovu huziba vitundu vya nywele na hazirudi tena. Tena upo ugonjwa mwingine unaoanzia utosini na kutanuka polepole, unaowapata hasa wanawake wa Kiafrika, nao huua mizizi kutoka ndani.

Yule mama tulimwomba aende kwanza kliniki ya ngozi pale KCMC. Wengi hapa Moshi hupita getini hawajui kwamba tangu mwaka 1992 kipo hapo kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi, ambacho wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Watu hufunga safari kutoka mbali kuja kusoma hapo, nasi tunawaza Istanbul! Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi ya utosi kikapimwa. Jibu likawa kwamba ugonjwa bado unaendelea chini ya ngozi. Kama angepandikizwa mwezi ule, nywele zilizopandwa zingeweza kufa pamoja na zile za zamani, na fedha za mwanawe zingekwenda bure. Ameanzishiwa dawa. Ameelezwa kwamba ugonjwa ukishatulia kabisa kwa mwaka mmoja au zaidi, ndipo shauri la kupandikiza linaweza kuzungumzwa.

Wanaume nao wana la kujihadhari. Wengi wetu kichogo kina vipele vigumu vinavyotokana na kunyolewa chini sana, na kichogo ndicho kinachotoa nywele za kupanda. Mwenye ngozi inayofura kovu kubwa kila akijikata, amwambie daktari kabla ya kisu kugusa kichwa. Tena nywele zetu za kipilipili hujipinda hata chini ya ngozi; asiyezizoea huikata mizizi mingi wakati wa kuitoa. Anayetaka kwenda, Nairobi au Uturuki, aulize ni nani hasa atakayeshika kisu, na ameshawahi kutibu Waafrika wangapi. Aulize pia akipata usaha akiwa amesharudi Marangu, nani atamwona. Na asiuze ng'ombe wa ada ya mtoto. Hilo tunalisema waziwazi, hata kama kuna atakayeudhika.

Mama wa kilemba alilia siku mbili kwa sababu ya jibu lile. Kisha alimpigia mwanawe simu akamwambia aziweke zile fedha. Jumamosi moja kabla ya Komunyo ya Kwanza tulimkuta nyumbani kwake akimfumua mjukuu nywele alizosukwa saluni asubuhi yake. Mtoto alikuwa amelalamika kwamba zinamuuma hata kufumba macho hawezi. Akamsuka upya mwenyewe, kwa kulegeza, bila rasta.

Wasomaji walio mbali na mjini waanzie hospitali za jimbo letu, Kibosho, Kilema au Huruma kule Rombo, waombe barua ya kwenda kliniki ya ngozi. Siku ya kwenda msipake mafuta wala dawa kichwani, na nywele zifumuliwe kabisa ili daktari aione ngozi.