Nani atambeba mtoto, mama arudi darasani?

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, kinatusimulia habari za Hajiri. Aliondolewa nyumbani kwa Abrahamu akiwa na mtoto wake, mkate na kiriba kimoja cha maji. Maji yalipokwisha jangwani, alimlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa. Malaika wa Mungu hakumsomea makosa. Alimwuliza ana shida gani, akamtia moyo asiogope, akamwambia amwinue mtoto na kumshika mkono. Ndipo Mungu akamfumbua macho, akaona kisima.

Ndugu msomaji, akina Hajiri wa leo tunaishi nao. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito. Huku Nyakisasa, wilayani Ngara, hatuhitaji takwimu kulijua hilo. Tunawaona wakiwa na mtoto mgongoni na jembe mkononi, saa ambazo wenzao wako darasani.

Kisima kipo. Tarehe 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 uliweka muda: arudi ndani ya miaka miwili. Miaka miwili si mingi kwa mama mwenye umri wa miaka 16. Mwaka wa kwanza hunyonyesha. Wa pili, mtoto anatambaa na kuugua homa, na bibi yuko shambani kwa sababu msimu wa maharage haumsubiri mtu. Muda unakwisha hivyo hivyo, bila mtu yeyote kumkataza binti kurudi.

Kwa hiyo swali kubwa leo si tena kama sheria inamruhusu. Swali ni nani atambeba mtoto kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri.

Tazama mwalimu wake. Mwalimu akijifungua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 84, na akirudi kazini anapewa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Tunaona ni haki, nayo ni haki kweli. Mwanafunzi aliyejifungua ana maziwa yaleyale na mtoto mwenye njaa ileile, lakini yeye tunamwambia: ukiweza, njoo; usipoweza, shauri yako.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa pili uko wapi? Kwanza, yuko baba wa mtoto. Akiwa mtu mzima, tangu mwaka 2016 sheria inatamka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Lakini mara nyingi wazee wanaketi, mbuzi anatolewa, mambo yanakwisha. Binti anabaki na mtoto, mwanamume anabaki na heshima yake. Hayo si maridhiano, ni kuuza haki ya mtoto. Akiwa naye ni kijana wa shule, asiachwe aendelee na masomo yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wazazi wake ni bibi na babu wa mtoto yule. Zamu ya kulea ifike na kwao.

Pili, ziko Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wetu wa Afrika Mashariki wamezifanya kuwa msingi wa uhai wa parokia. Jumuiya yenye kaya 10 inajua kuchanga msiba unapotokea. Je, haiwezi kupanga zamu, kila kaya siku moja, ili mtoto mmoja alelewe na mama yake asome? Zamu hiyo haihitaji mfadhili wala mradi.

Wapo wanaosema kwa nia njema kwamba tukifanya hivyo tunabariki dhambi. Kanisa halijabadili mafundisho yake juu ya usafi wa moyo na utakatifu wa ndoa, na vijana wetu wanapaswa kuyasikia bila kificho. Lakini sisi pia ndio tunaofundisha kwamba uhai ni zawadi tangu kutungwa mimba. Binti aliyekataa kwenda kwa mtoa mimba, akavumilia aibu na kuzaa, ameliishi fundisho hilo. Tukimfungia njia baada ya hapo, tunamfundisha nini mdogo wake anayetazama? Desemba 2023, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilimwandikia askofu mmoja likisikitika kwamba baadhi ya akina mama wasio na ndoa wanaogopa kuikaribia Komunyo, na likahimiza kwamba baada ya kuungama wasizuiliwe. Kama meza ya Bwana haimfungii, dawati litamfungiaje? Swali hilo linatuhusu hata sisi Kanisa wenye shule zetu wenyewe.

Wiki hii jumuiya yako itakapokutana, baada ya sala ulizeni mambo mawili: katika kaya zetu, ni binti gani aliacha shule kwa sababu ya mtoto, na miaka yake miwili inakwisha lini? Kisha mmoja wenu aende nyumbani kwake, asiende kumhoji, bali kumpokea mtoto.

Nawatakia Jumapili njema.