Kibao Hakizuii Tingatinga

Sikubaliani na wanaosema handaki kubwa la upepo la Langley, kule Hampton, Virginia, lilikufa kifo cha kawaida. Liliuawa, tena likiwa limevishwa nishani.

Mwaka 1985 serikali ya Marekani ililitangaza kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Mwaka 2010 serikali hiyo hiyo ikaanza kulibomoa. Sheria yao inataka ushauriane na wahusika, upige picha, uandike ripoti. Ukimaliza, leta tingatinga. Sasa hicho ni cheo ama ni sanda?

Ati kompyuta zimechukua kazi yake. Hebu ngoja. Handaki hilo lilifunguliwa 1931, mdomo wake futi 30 kwenda juu na 60 kwa upana, na feni mbili, kila moja ya futi 35 hivi, zikivuta upepo. Haikuwa lazima uchonge kijindege cha mfano. Uliingiza ndege nzima, na injini yake. Mwaka 1938 jeshi la majini lilileta ndege ya kivita ya Brewster iliyokuwa ikigoma kufikia kasi iliyotarajiwa. Wahandisi hawakuongeza nguvu ya injini. Walitafuta tu mahali upepo ulipokwama: magurudumu, mabomba ya moshi, bunduki, hata kilengeo chake kilichojitokeza nje. Hesabu ikaonyesha kasi ingepanda kwa maili 31 kwa saa. Kwa kulainisha tu! Baada ya hapo ndege nyingine za kivita zikapangiwa foleni. Miaka ya baadaye ikaja hata kapsuli ya Mercury.

Nakubali, 1995 NASA waliacha kulitumia. Lakini chuo kikuu cha Old Dominion kililichukua, kikawa kinapima malori na magari ya mashindano hadi 2009. Kwa hivyo msiniambie lilikuwa gofu.

Mtaniuliza, wewe Mkenya, yanakuhusu nini? Roketi ya Scout iliyorusha setilaiti ya Uhuru kutoka bahari yetu karibu na Malindi, Desemba 12, 1970, mradi wake ulisimamiwa na kituo hicho hicho cha Langley. Sisemi ilipimwa humo. Nasema tu hawa si wageni kwetu.

Na linaloniudhi zaidi ni hili: tangi la handaki jingine la Langley, lililopewa cheo hicho hicho mwaka huo huo wa 1985, bado lipo, limewekwa nje watu walitazame. Hilo linaenea kwenye kona ya nyasi. Lile kubwa lilikuwa limekalia ardhi ya kambi ya jeshi la anga.