MASHUA KUUKUU YA MTERA: TUONE TUMBO LAKE KWANZA

Ndugu wanachama,

Tangu tusikie kuna mashua kuukuu inauzwa Mtera, maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema bei ni ndogo, tulipe upesi. Sisi tunasema ukuukuu siyo kosa, maana mpya hatuiwezi. Lakini fedha hizi ni za zabibu zetu, na mnadani hakuna anayenunua ng'ombe aliyelala. Anasimamishwa, anafunguliwa mdomo, meno yanatazamwa.

Basi mashua nayo ipandishwe nchi kavu, ipinduliwe. Twende na fundi wetu wenyewe, siyo wa mwenye mali, achome kisu kwenye mkuku na palipo misumari. Kisu kikizama, ubao umeoza, turudi nyumbani. Rangi mpya isitudanganye.

Tena bwawa lile ni la umeme, maji yake hupanda na kushuka. Ukame wa 2006 yalishuka vibaya. Mashua ikiachwa juani mbao hunywea, nafasi zinafunguka, kalafati inatoka. Tuulize imekaa nchi kavu miezi mingapi. Ikisha, ilale majini usiku kucha, asubuhi tuone imeingiza maji kiasi gani. Mtera siyo hapa Miyuji. Tukishalipa, kurudi kugombana ni nauli nyingine.

Injini tuiache kwanza, kasia zipo. Theluthi ya fedha ibaki kwa mweka hazina, ya mbao, misumari na leseni ya uvuvi. Mwenye mali akikataa kuipindua, tusimpe hata shilingi.