Kabla ya kufunga kulasi, tuonyeshwe matundu

Tuseme wazi: motere nyingi za pompe zetu zinaharibikia ku garaji, haiko ku kariere.

Mekanisien anapata kulasi ya okazioni, anakamata kolektere ya motere ingine, bulo zinaingia, anasema imeisha. Haijaisha. Matundu ya kolektere, ya joint na ya kulasi yanapashwa kutazamana. Tundu la kolektere likipita la kulasi kwa ukubwa, hewa inagonga ukingo. Na kama joint imekaa upande, motere isiyo na turbo inavuta hewa pembeni, hewa ambayo haikupita ku filtre. Na hewa ya kariere tunaijua: ni vumbi tupu! Vumbi ile inakula segma na shemizi, motere inaanza kunywa huile, na siku moja ya mvua inazimika. Maji inapanda, ndugu zetu wako chini.

Dawa yake haiko ya bei. Aweke joint juu ya kulasi, achore, afanye vile vile ku kolektere, kisha apitishe tupa pale chuma kinazidi, vyote viwili vikiwa vimetolewa ku motere, juu unga wa chuma usiingie ndani. Anayeomba feza ya kupanua matundu mpaka yang'ae, tumukatalie. Pompe haiko gari ya mashindano, na ukipanua sana unaweza kutoboa njia ya maji.

Bamama wanaotunza feza ya nyumba nao wafike, waonyeshwe. Mekanisien akikasirika, tubebe kulasi yetu twende kwa mwingine.