Dame inayoruka: ni silaha ya wavivu?

LIKASI. Chini ya miembe ya Kikula, pembeni ya soko na mbele ya nyumba za kule Panda, ugomvi ni ule ule kila jioni. Kibao cha dame kimechorwa kwa makaa juu ya ubao. Mmoja anapanga vifuniko vya Simba, mwenzake vya Tembo. Mchezo unaenda vizuri mpaka pioni moja inafika mstari wa mwisho na kubebeshwa kifuniko cha pili. Hapo kelele inaanza: dame iruke kibao kizima, ao itembee hatua moja moja?

Wapinzani wa dame inayoruka wanasema ni silaha ya wavivu. Mtu anacheza ovyo, anapoteza nusu ya pioni zake, kisha anaingia dame moja na kufagia toka kona hadi kona. Wanataka ifungwe miguu, itembee nyumba moja tu kama Waingereza wanavyocheza kwenye kibao chao cha nyumba 64.

Malalamiko hayo hayakuzaliwa Likasi. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, Fantasy Flight Games, ilitoa X-Wing, mchezo wa mezani ambamo watu wanapiganisha sanamu ndogo za vyombo vya anga. Vyombo vingi vilipiga mbele tu. Mchezaji alipaswa kuwaza adui atapita wapi. Lakini vingine vilibeba mzinga unaopiga pande zote, hata chombo kikiwa kimegeuza mgongo. Wachezaji wengi wakasema akili ya mchezo imekufa. Toleo la pili, la 2018, halikuutupa mzinga. Lilidai tu uelekezwe upande fulani kwanza, na kuugeuza kukahesabiwa kama kazi. Nguvu ikabaki, lakini ikawekewa bei.

Kwenye dame, bei hiyo iko tangu zamani. Jina lake ni: kula ni lazima. Kwa kanuni za kimataifa, kibao kina nyumba 100, kila upande una pioni 20, na dame inaruka mbali inavyotaka kwenye njia iliyo wazi. Lakini ikiona cha kula, haina ruhusa ya kukataa. Kukiwa na njia mbili, ni lazima ifuate ile yenye pioni nyingi zaidi. Kwa hiyo mchezaji mwenye kichwa anatoa pioni mbili, tatu sadaka, anaivuta dame mpaka mahali anapopataka, kisha anaila. Yule mwenye nguvu nyingi ndiye anayeburuzwa. Uvivu uko wapi hapo?

Baba Sy wa Senegal alicheza kwa kanuni hizo. Mwaka 1986, akiwa amekwisha kufa, alitambuliwa kuwa bingwa wa dunia wa 1963. Hakuna anayefika pale kwa bahati ya dame moja.

Dame inayoruka ni pia kimbilio la aliyebaki na kidogo. Dame moja ikishika ile njia ndefu ya kona hadi kona, hata dame tatu za adui haziwezi kuishinda; baada ya hatua 16 kila upande, mchezo ni sare. Mtu amepoteza karibu vyote na bado hajashindwa. Ifunge miguu, na mara nyingi aliyetangulia atashinda.

Basi, ubaya uko wapi? Uko kwa wale wanaobadilisha kanuni katikati ya mchezo. Kijana aliyehama na familia yake, asiyejua mtu mtaani, mara nyingi anaanzia kwenye kibao. Anaweka faranga zake, anaingia dame, na ghafla anaambiwa: «Yaya, hapa kwetu dame hairuki.» Asubuhi iliruka, kwa sababu ilikuwa ya mwenyeji. Huo si mjadala wa mchezo. Ni kumwambia mgeni kwamba hapa si kwake.

Mji huu ungepaswa kuwa wa kwanza kulikataa neno hilo. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wakiwa wamezaliwa hapa, walirundikana kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, kwa sababu waliambiwa «hapa si kwenu».

Dawa ni ndogo, haigharimu hata faranga moja. Kabla ya hatua ya kwanza, kanuni isemwe kwa sauti, wote wasikie: dame inaruka, kula ni lazima, wengi kwanza. Anayetaka ya hatua moja aseme wakati huo, si wakati vifuniko vyake vinaliwa. Na makaa yaliyochora kibao yaiandike pembeni, ili aliyefika jana aisome sawa na aliyezaliwa Shituru.