Stata Inayogoma kwa Joto: Betri Haina Hatia

Alfajiri gari linawaka mara moja. Linazunguka mjini asubuhi nzima, linazimwa kumsubiri abiria, kisha dereva anazungusha funguo na stata hainyanyuki. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, na pengine unasikika mlio mmoja tu wa "tik". Likiachwa nusu saa na boneti wazi, linawaka kama kwamba halikuwa na tatizo. Maelezo ya ugonjwa huu mmeyasikia gereji na kijiweni, na yanatolewa kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi wake. Nayachukua moja moja, nanyi mhukumu.

Hoja ya kwanza, na ndiyo inayowagharimu watu zaidi: betri imechoka. Wanaoitoa wanasema stata inakula ampea nyingi kuliko kifaa kingine chochote kwenye gari, kwa hiyo isipozunguka mtuhumiwa wa kwanza ni chanzo cha umeme. Tena joto huua betri. Yote mawili ni kweli, lakini hukumu inayotolewa haitokani nayo. Joto hufupisha umri wa betri kwa miezi na miaka, ila kwa saa ile ile betri yenye joto hutoa umeme kwa urahisi kuliko ya baridi. Oili ya injini nayo ni nzito zaidi alfajiri. Betri dhaifu basi ingegoma alfajiri, baada ya kulala usiku kucha, isingegoma saa nane mchana baada ya alteneta kuisukumia volti 14 kwa saa kadhaa. Halafu ile nusu saa ya kusubiri: gari limezimwa, hakuna kinachoichaji betri. Kilichopungua ni joto. Anayesema betri ndiyo mbovu atueleze imeponaje bila chaji.

Na kuna kipimo cha kumaliza ubishi. Weka mita kwenye vichwa vya betri wakati gari limegoma, mtu mwingine azungushe funguo. Volti zikiporomoka chini ya 9.6 hivi, nakubali: ama betri ni mbovu, ama kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi. Zikibaki 12 na ushei huku stata imenyamaza, maana yake betri haijavutwa umeme wa maana. Huwezi kuilaumu kwa kazi ambayo haikupewa.

Watetezi wa betri wana jibu moja lenye uzito: "Mbona nikibusti linawaka?" Hilo linastahili kujibiwa kwa hesabu. Gari linalobusti likiwa linaunguruma, volti hupanda kutoka 12.5 hadi karibu 13.9. Ongezeko hilo ni kama asilimia 11. Lakini solenoidi, ile silinda ndogo iliyo mgongoni mwa stata, huvuta kwa sumaku, na nguvu ya sumaku hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha umeme unaopita ndani yake. Asilimia 11 ya volti inakuwa karibu robo nzima ya nguvu ya kuvuta. Kwa hiyo kubusti kunaweza kuliwasha gari ambalo betri yake ni nzima kabisa, lenye solenoidi inayopata umeme pungufu. Ushahidi unaowafaa washtakiwa wawili kwa pamoja haumtii hatiani hata mmoja.

Hoja ya pili haitatuchukua muda. Wanasema ni sensa ya krenki, kwa kuwa sensa hizo hujulikana kufa zikipata joto. Zinakufa kweli. Lakini ikifa, kwenye magari mengi ya funguo stata huendelea kuzunguka, injini ndiyo isiyowaka. Vivyo hivyo pampu ya mafuta. Aliyelalamika kasema stata haizunguki. Kumjibu kwa sensa ni kumtibu mgonjwa mwingine. Kwenye magari ya kubonyeza kitufe, ambako kompyuta ndiyo inayoamuru stata, uchunguzi ni mpana kidogo, lakini swali la kwanza halibadiliki: stata imezunguka au haikuzunguka?

Hoja ya tatu ndiyo inayopotosha hata mafundi wazuri: "Stata tumeifungua, tumeipima mezani, ni nzima." Angalieni kilichopimwa. Stata ilikuwa imepoa, haikuwa na injini ya kuzungusha, na ililishwa kwa nyaya nene na fupi kutoka kwenye betri moja kwa moja. Kila hali inayoleta ugonjwa iliondolewa kwanza, ndipo mgonjwa akatangazwa mzima. Shaba huongeza ukinzani wake kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ya solenoidi ikitoka nyuzi 30 hadi 110, ukinzani unapanda kwa karibu theluthi. Umeme unaopita unashuka hadi robo tatu hivi ya ule wa awali. Na nguvu ya kuvuta inaanguka chini ya asilimia 60. Stata iliyovuta vizuri mezani inaweza isivute kabisa ikiwa chini ya manifoldi ya ekzosi.

Joto hilo lina tabia ambayo dereva yeyote makini ameiona. Ukizima gari na kuliwasha papo hapo kituo cha mafuta, linakubali. Ukizima ukanywa chai, linagoma. Gari likitembea, upepo, feni na maji vinaondoa joto. Likizimwa vyote vinasimama, na joto la ekzosi na la chuma cha injini linaingia kwenye stata kwa dakika kumi, kumi na tano, hata zaidi. Nadharia yoyote isiyoeleza tofauti hiyo ya dakika haijaeleza ugonjwa.

Hoja ya nne inatoka mara nyingi kwenye mdomo ule ule uliotoa ya tatu: "Ukiigonga kwa spana inawaka, basi stata imekufa, nunua nyingine." Ilikuwaje nzima mezani ikafa kwa kugongwa? Mtikisiko unagusa vitu vichache tu: kaboni zilizokwisha, au vipande vya shaba ndani ya solenoidi vilivyolika, kama inavyotokea sana kwenye stata za Denso za Toyota. Kaboni zikilegea hata solenoidi inaweza isivute, kwa sababu koili yake kubwa hupitisha umeme kuelekea bodi kupitia kaboni hizo hizo. Kaboni na shaba hubadilishwa peke yake. Kumuuzia dereva stata nzima ya mtumba, ambayo shaba zake huenda zimelika vilevile, ni kumchukulia fedha kwa dhana, na jambo hilo linaniudhi kwa sababu anayelipa mara nyingi ni mtu anayekula kwa gari hilo hilo.

Hoja ya tano naiheshimu: "Funga rilei, tatizo limekwisha." Ina historia. Kwenye Volkswagen Kombi na Beetle waya wa amri ulitoka kwenye swichi ya funguo mbele hadi stata nyuma kabisa, volti zikapotea njiani, na rilei karibu na stata ikawa tiba inayojulikana duniani. Lakini rilei inatibu upande mmoja tu, ule wa amri. Pima kwenye pini nambari 50 ya stata, unapoingia waya huo wa amri, wakati imegoma na funguo imezungushwa. Ukikuta volti 7 au 8, rilei itasaidia, ingawa bado unadaiwa kutafuta mguso mbovu ulipo: swichi ya funguo, soketi iliyoota kutu, au swichi ya P na N kwenye gia boksi ya otomatiki. Jaribu N, likiwaka umepata dalili bila kutumia shilingi. Ukikuta volti 11, rilei haina cha kuongeza. Na waya wa hasi uliooza kati ya betri na injini hauponi kwa rilei kumi.

Hoja ya mwisho ndiyo inayozaa zote: tatizo linalokuja na kuondoka halipimiki, kwa hiyo tubadilishe vifaa mpaka litulie. Lakini tatizo hili lina ratiba: endesha mpaka injini ipate joto vizuri, zima, subiri dakika kumi na tano, jaribu. Kama halitokei mbele ya fundi, unga waya mwembamba wenye fyuzi kwenye pini 50, uingize ndani ya gari hadi kwenye balbu ndogo ya volti 12, na mguu wa pili wa balbu uurudishe kwenye mwili wa stata yenyewe, usiufunge kwenye bodi ya gari. Dereva aendelee na kazi zake. Siku gari likigoma, aitazame balbu akiwa ameshikilia funguo. Ikiwa hafifu au imezimika, kosa liko kabla ya stata, na haina haja ya kufunguliwa. Ikiwaka kikamilifu na hata "tik" haisikiki, solenoidi au kaboni zina kesi ya kujibu. Ikiwaka na "tik" ikasikika bila mzunguko, pima waya mnene kwenye nati nambari 30 gari likiwa bado limegoma. Waya huo ukiwa na volti zake zote, fungua stata, anza na zile shaba.